Kabla Familia Haijanunua Shamba la Mtoni, Ipime Mara Nne

Shamba lililo kando ya mto huuzika haraka. Mnunuzi akifika anasikia maji, anapigwa na upepo baridi chini ya miti, anawaona watoto wake wakikimbia kwenye nyasi, na kabla hajauliza swali la pili moyo umeshakubali bei. Kukiwa na biashara juu ya shamba hilo, yenye wateja na vyombo vyake, kishawishi huzidi. Mtu haoni tena kwamba ananunua udongo. Anaona ananunua mshahara.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Kaunti ya Kirinyaga, ambayo majina yake hayatatajwa hapa. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu mapema. Mama ni muuguzi katika kituo cha afya. Wana watoto watatu: kijana wa miaka 23, msichana aliye Kidato cha Tatu, na kitinda mimba wa miaka 4 ambaye hakupangwa, lakini bila yeye nyumba ingekuwa kimya mno.

Kijana ndiye aliyeleta habari. Kwa misimu mitatu alikuwa akifanya kibarua kwa mzee mmoja karibu na mji wa Sagana, takribani kilomita 100 kutoka Nairobi kwenye barabara ya kwenda Nyeri. Hapo Mto Tana haujafika mbali na chanzo chake. Unashuka kwa kasi kati ya mawe, unatulia kwenye vidimbwi vipana, kisha unashuka tena. Ni mojawapo ya sehemu zinazojulikana sana nchini kwa michezo ya maji. Wageni huja wikendi, wengi wao wafanyakazi wa kampuni na vijana wa makanisa, kukodisha kayaki, yaani mitumbwi midogo ya plastiki ya mtu mmoja au wawili. Hupewa helmeti, kafi na jaketi za kuokoa maisha, hufundishwa kwenye maji matulivu, kisha huteremka na mto wakiongozwa na vijana wanaoujua.

Mzee alikuwa na kayaki 12, gari kuukuu la kuzibeba, banda la kubadilishia nguo, stoo, choo, na shamba la ekari moja na robo. Magoti yalikuwa yamemkataa. Watoto wake wako mbali na hakuna aliyetaka kurudi. Aliamua kuuza vyote pamoja.

"Nikimuuzia mtu wa hoteli, atawafukuza hawa vijana wote wiki ya kwanza," alimwambia baba. "Wewe mwanao ameshaujua mto. Chukua."

Baba alirudi nyumbani akiwa ameshachukua, kwa moyo. Fedha za kustaafu zilikuwa benki. Zilipungua kidogo kufikia bei ya mzee, na pengo hilo lingezibwa na mkopo wa Sacco wa mama. Kijana ana diploma ya utalii ambayo haijampa kazi ya kudumu. Kwa baba, mambo matatu yalikuwa yametatuliwa kwa mpigo mmoja: kazi ya mtoto, riziki ya uzeeni na mahali pa kujenga.

Mama hakukataa. Alisema neno moja tu. "Baba watoto, tusitoe hata shilingi kabla hatujajua shamba linaishia wapi."

Baba alicheka. Shamba linaishia mtoni, alisema. Hati imeandika hivyo.

Miezi miwili iliyofuata iliwaonyesha kwamba shamba la mtoni lina mipaka minne, na kwamba hati inataja mmoja tu.

Mpaka wa hati

Walianzia kwa msajili wa ardhi. Kupekua rekodi rasmi za shamba ni hatua ambayo wanunuzi wengi huiruka kwa sababu wanamfahamu muuzaji. Si kwamba muuzaji ni mwongo. Rekodi hueleza mambo ambayo hata muuzaji huenda ameyasahau: jina lililosajiliwa, ukubwa wa shamba, kama limewekwa rehani benki, na kama kuna mtu aliyeweka kizuizi lisiuzwe. Upekuzi ulitoka safi. Jina lilikuwa la mzee, na hapakuwa na rehani wala kizuizi.

Kisha wakamlipa mpima ardhi atembee naye shambani. Bikoni za upande wa barabara zilipatikana. Upande wa mto, moja haikuonekana. Mpimaji alisimama pale ramani ilipoonyesha inapaswa kuwa, akajikuta anatazama maji. Mto kwenye kona hula ukingo wa nje, mwaka baada ya mwaka. Mzee alikuwa akiuza ekari moja na robo aliyoinunua zamani, na kipande chake kilikuwa kimeshachukuliwa bila mtu kutia sahihi.

Jambo la pili halikuwa kwenye ramani. Mama aliuliza, kwa upole, mke wa mzee anasemaje. Mzee alinyamaza. Kumbe hakuwa amemwambia. Alidhani angemwambia mambo yakishaiva.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Tena, ardhi ya kilimo haihamishwi kwa mkataba wa watu wawili pekee. Lazima idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe, na sheria inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Idhini hiyo inahitajika hata kwa kukodisha, si kuuza tu. Familia iliyotoa fedha zote siku ya kwanza kwa kupeana mikono inaweza kujikuta ina risiti bila shamba.

Mama alikwenda kumwona bibi huyo siku ya Jumapili, akiwa na sukari na majani ya chai. Aliyoyasikia huko yatakuja mbele.

Mpaka wa sheria

Kanuni za maji nchini huweka ukanda wa hifadhi kila upande wa mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kulingana na upana wa mto wenyewe. Ukanda huo unaweza kuwa ndani ya hatimiliki yako. Hakuna anayekunyang'anya. Lakini huruhusiwi kujenga nyumba ya kudumu hapo, wala kulima, wala kufyeka miti ovyo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji na NEMA ndizo zinazosimamia hayo.

Tana mahali pale ni mpana, kwa hiyo mpimaji aliwashauri wahesabu mita 30 kamili. Shamba lina mita 70 za mbele ya mto. Baba, aliyefundisha hisabati miaka mingi, hakuhitaji kalamu. Mita 70 mara 30 ni mita za mraba 2,100, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ekari. Katika ekari moja na robo aliyokuwa anaitolea akiba ya maisha, sehemu ambayo angeweza kujenga juu yake haikufika hata robo tatu ya ekari.

Tena banda, choo na nusu ya stoo vilikuwa ndani ya ukanda.

Miaka ya nyuma watu walichukulia kanuni hizi kama maandishi ya kupamba ofisi. Mwaka 2018 majengo makubwa ya biashara jijini Nairobi yalibomolewa kwa sababu yalisimama kwenye kingo za mito, mengine yakiwa na vibali mkononi. Mwaka 2024, wakati wa mafuriko, serikali iliwaamuru watu waliokuwa wakiishi karibu na mito wahame, na nyumba nyingi za watu wa kipato cha chini zikaangushwa. Aliyeuza alikuwa ameshakula fedha zake. Hasara ilibaki kwa aliyekuwa amelala ndani.

Hapo ndipo baba aliacha kucheka.

Kijana alikasirika. Aliona wazazi wanatafuta sababu ya kusema hapana bila kuitamka. "Mnanunua kayaki, hamnunui nyumba," alisema. "Biashara iko majini."

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na yakawasaidia zaidi kuliko alivyokusudia. Ikiwa biashara iko majini, kwa nini akiba yote iende kwenye udongo?

Mpaka wa mafuriko

Kuna mkuyu mkubwa shambani, umbali wa hatua kadhaa juu ya banda. Mmoja wa vijana wanaoongoza wageni alimwita mama, akamwonyesha matawi. Nyasi kavu, kamba na kipande cha gunia vilikuwa vimenasa juu ya kimo cha mtu. Si upepo uliovipeleka. Yalikuwa maji ya mwaka 2024.

Mvua za masika za mwaka huo, kati ya Machi na Mei, ziliua zaidi ya watu 200 nchini na kuwahamisha maelfu. Familia hii iliona habari hizo kwenye televisheni kama kila mtu. Haikuwa imewahi kuziona kwenye tawi la mti wanaotaka kuununua. Walivuta kamba kutoka ukingoni hadi mahali maji yalipofika. Ilikuwa mita 41. Mto haujasoma kanuni za mita 30.

Mafuriko yaligusa pia daftari. Mzee ni mtu mwaminifu na aliweka kumbukumbu kwa mkono: tarehe, idadi ya wageni, fedha. Baba alikuwa ametazama jumla za wikendi nzuri. Mama alihesabu wikendi tupu. Katika mwaka mmoja zilikuwa 17. Aprili na Mei maji huwa ya udongo na yenye kasi, yamebeba magogo, na mwongozaji mwenye akili hapeleki mgeni mtoni. Kiangazi kikikaza, maji hupungua, mawe hujitokeza na kayaki hukwama. Katikati ya hapo ndipo riziki ilipo. Biashara ya mto ni kama shamba la mahindi. Ina msimu, na mkopo wa Sacco hauna msimu. Unakatwa kila mwezi.

Daftari lilikuwa na funzo jingine. Kila siku iliyoleta fedha, vijana wanne walilipwa. Siku ambayo wawili kati yao hawakuja, mzee aliwarudishia wageni fedha zao. Kayaki 12 bila watu wanaojua jiwe gani limejificha chini ya maji ni plastiki tu. Vijana hao hawakuwa kwenye mkataba wa mauzo, na hakuna mkataba ungeweza kuwauza. Wangebaki au kuondoka kwa hiari yao.

Bima haikuwapo. Mzee aliamini karatasi ambayo wageni hutia sahihi kabla ya kuingia majini ingemlinda. Wakili aliwaeleza kwamba karatasi ya namna hiyo haimwondolei mwenye biashara jukumu la kuwa mwangalifu. Kijana alitumwa kwa KMA, mamlaka inayosimamia vyombo vya majini, kuuliza masharti ya vyombo vidogo na ya wanaoviongoza. Alirudi na orodha, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka.

Mpaka wa mama

Mpaka wa nne haupo kwenye sheria yoyote. Mama aliuchora mwenyewe, kwa sababu ya jambo alilowahi kuliona kazini.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo alichokuwa akifanya kazi wakati huo, mtoto wa miaka 3 aliletwa kwa pikipiki. Alikuwa ametolewa kwenye mfereji wa kunyunyizia mashamba, wenye maji yasiyofika kiunoni mwa mtu mzima. Majirani walimning'iniza kichwa chini, wakamkamua tumbo, wakamzungusha, wakifanya kila walichowahi kusikia. Dakika zilipita. Hakuna aliyempulizia pumzi. Hakuna aliyekuwa amefundishwa. Mtoto hakuamka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Zaidi ya vifo 9 kati ya 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kukumbusha dunia kwamba vifo hivi vinazuilika. Bado katika nyumba nyingi zilizo karibu na maji, ulinzi wa mtoto ni sentensi moja: "Usiende mtoni."

Mtoto wa miaka 4 huisikia sentensi hiyo na kuisahau kwa dhati kabisa anapoona kipepeo. Tena mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Pumzi anayoipata haimtoshi kuita. Mzazi aliye hatua 20, akijibu ujumbe kwenye simu, anaweza asisikie chochote.

Siku familia ilipokaa kuzungumza, kijana alimwambia mama yake asiwe na hofu. "Mama, mimi si mtoto. Nimeteremka mto ule mara mia."

"Wewe naujua uwezo wako," mama alijibu. "Lakini ndugu yako hajui kitu kuhusu mto. Anajua tu kwamba wewe uko kule."

Hakuna aliyeongeza neno. Kila mtu nyumbani ameshamwona yule mdogo akimfuata kaka yake hadi chooni.

Mama akaweka masharti yake, na akayaandika. Familia haitahamia shambani mpaka kitinda mimba ajue kuogelea na kuelea. Kati ya eneo la juu na mto patawekwa uzio wenye lango ambalo komeo lake haliwezi kufikiwa na mtoto. Siku ambayo watoto wako shambani, mtu mzima mmoja atatajwa kwa jina kuwa mlinzi wao, na hatakuwa na simu mkononi. "Sote tunamwangalia" maana yake, alisema, ni kwamba hakuna anayemwangalia. Kila anayeingia kwenye kayaki, hata mwanafamilia, atavaa jaketi iliyofungwa vizuri. Na vijana wote wanne, pamoja na baba, watafundishwa huduma ya kwanza ya mtu aliyezama.

Huduma hiyo kila mzazi anaweza kuijua. Usijitose ovyo ukawa wa pili kuzama. Mfikishie aliye majini kamba, fimbo au kitu kinachoelea. Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu na utazame kama anapumua. Kama hapumui, mtu mmoja apige simu kutafuta msaada na mwingine aanze mara moja: inua kidevu, mpulizie pumzi 5, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 na kumpulizia pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kukoma mpaka msaada ufike au aanze kupumua. Usimning'inize. Usimkamue tumbo. Hata akiamka na kuongea, mpeleke hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumletea shida baadaye.

Kisha kuna adui asiyeonekana kabisa. Kirinyaga ndiyo kaunti ya mashamba ya mpunga ya Mwea, na kichocho cha matumbo kimejulikana huko kwa miaka mingi. Konokono wanaobeba vimelea hawapendi maji yanayokimbia. Wanapenda maji yaliyotulia, yenye majani pembezoni. Yaani pale pale ambapo mgeni anafundishwa kushika kafi kwa mara ya kwanza, na ambapo watoto wangependa kuchezea miguu yao. Vimelea hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote, na kujikausha kwa taulo hakutoshi kuwa kinga.

Dalili zinaweza kuchelewa: maumivu ya tumbo, kuhara, damu kwenye choo, uchovu wa mtoto ambao mwalimu anauita uvivu. Kipimo cha choo kinapatikana, na dawa yake, praziquantel, ni ya kumeza na inafanya kazi vizuri. Mama aliagiza vijana wote wapimwe. Wawili walikutwa nacho, mmoja wao akiwa mwanawe mwenyewe, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa amelaumu chakula cha kibandani.

Bei mpya

Mazungumzo na mzee yalifanyika chini ya mwembe wake. Baba alieleza kila kitu: ukingo uliopungua, ukanda wa mita 30, alama ya kwenye mkuyu, wikendi tupu. Mzee alisikiliza akitazama fimbo yake.

"Mwalimu, mnanipimia uzee wangu kwa kamba," alisema mwishoni.

Mke wake ndiye aliyemjibu. "Waache wapime. Sisi hatukupima." Kisha akasema alichokuwa amemweleza mama siku ile ya Jumapili: hatatia sahihi mpaka ajue yeye mwenyewe atazeekea wapi. Mume wake alikuwa amepanga kuuza shamba lote. Hakuwa amepanga wapi wao wawili wangelala siku ya pili yake.

Hakuna aliyeondoka pale akiwa amepata yote aliyotaka. Kwa msaada wa wakili, walikubaliana mambo mawili tofauti. Familia ilinunua kayaki, helmeti, jaketi na gari, vitu ambavyo vinaweza kuhamishwa kokote, kwa sehemu ndogo ya fedha za kustaafu. Shamba waliikodi kwa mwaka mmoja, na makubaliano hayo yakapelekwa kwenye bodi ya ardhi. Wakiamua kununua, wao ndio watakaoulizwa kwanza, na bei itahesabiwa kwa ardhi iliyo juu ya ukanda. Wazee wataendelea kukaa kwenye nyumba yao upande wa barabara. Banda jipya la mabati na mbao limesimama juu ya alama ya mafuriko, na lile la zamani limebomolewa na vijana wenyewe.

Mkopo wa Sacco haukuchukuliwa. Karo ya msichana ilibaki salama. Yeye mwenyewe, akiwa likizoni, ndiye anayekaa na daftari jipya langoni: kila anayeingia mtoni anaandikwa jina na saa, na kila anayetoka anawekewa alama. Siku moja jina moja halikuwa na alama na jua lilikuwa linashuka. Vijana walirudi mtoni mbio na tochi. Mgeni huyo alipatikana amelala kwenye gari lake, hakuwa ameaga. Alicheka. Msichana hakucheka, na siku iliyofuata aliongeza safu ya sahihi.

Mapato ya msimu wa kwanza hayakufikia hesabu ya baba. Yalilipa vijana wanne na kijana wa nyumbani, bima, na yakabaki kidogo. Baba hakuficha kwamba alitarajia zaidi. Lakini anapolala, alimwambia mkewe, halali akisikiliza mvua kwa hofu ya deni.

Kwa wazazi wanaotazama matangazo ya mashamba ya mtoni, ziwani au kando ya bwawa, familia hii inaacha kazi ndogo ya kufanya kabla ya malipo ya awali. Nenda shambani na mwenzi wako, si peke yako. Beba kamba yenye vipimo. Pekua rekodi, pima mita za hifadhi, tafuta uchafu ulionasa kwenye matawi, muulize jirani maji yalifika wapi. Uliza mke au mume wa muuzaji yuko wapi. Halafu mtazame mtoto wako mdogo kabisa na uchore mstari ambao hatauvuka akiwa peke yake. Ardhi inayobaki baada ya mipaka yote minne ndiyo unayoinunua. Lipa bei ya hiyo.

Mwaka wa kukodi unakaribia kwisha, na nyumbani bado hawajakubaliana. Kijana anataka wanunue sasa, kabla mtu wa hoteli hajarudi. Baba yuko katikati. Mke wa mzee hajatia sahihi popote. Kitinda mimba amejifunza kuelea kwa mgongo, akihesabu kwa sauti hadi kumi. Na mama amesema anataka kuiona Aprili moja zaidi kwa macho yake, akiwa amesimama chini ya ule mkuyu.